Kusasisha Ubuntu na Debian kwa mega za simu: mwongozo kwa mashini za Bukavu

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye mashini ya Ubuntu au Debian hapa Bukavu, anayepata intaneti kupitia simu yake, na ambaye umeme wake huondoka bila kuaga. Uwe na laptop moja nyumbani Bagira au mashini nne za sekretaria ambako wanafunzi wanapanga mstari kuchapisha TFC (kazi ya mwisho wa masomo), kazi ni ile ile. Maelezo mengi yanayozunguka yameandikwa na watu wasiolipia kila mega: andika amri mbili, bonyeza, nenda kanywe chai. Hapa ukifuata hivyo, forfeti (mega ulizolipia) itaisha kabla chai haijapoa, na umeme ukikatika katikati utabaki na mashini iliyosasishwa nusu.

Ninachopendekeza ni kuigawa kazi sehemu tatu ambazo si lazima zifanyike siku moja: kuuliza, kupakua, kusakinisha. Apt, programu ya kusasisha mfumo, inaruhusu hilo tangu zamani, ila wengi hawalitumii.

Nani anafanya kazi gani

Chini kabisa yuko dpkg. Huyu anajua kufungua faili la .deb (kifurushi cha programu) na kuweka vilivyomo mahali pake, basi. Habari za intaneti hazijui. Ukimpa kifurushi kinachohitaji maktaba (sehemu ya programu inayotumiwa na programu nyingine) ambayo haipo, atalalamika na kukiacha kimekaa nusu. Juu yake yuko apt, anayejua ghala (seva za mtandaoni zenye vifurushi) ziko wapi, nini kinategemea nini, na kipi kitangulie ili kingine kisivunjike. Debian 12, iliyotoka tarehe 10 Juni 2023, ilikuja na vifurushi zaidi ya 64,000. Hakuna mtu wa kupiga hesabu ya utegemezi wa vyote hivyo kichwani, kwa hiyo hesabu mwachie apt, wewe ubaki na uamuzi.

Kila kifurushi kina kadi yake. Jaribu hiki cha printa za HP:

`apt show hplip`

Mstari wa Depends unataja vile ambavyo bila hivyo programu haifanyi kazi. Recommends ni vile ambavyo kwa kawaida apt huvileta pia, ingawa programu inaweza kwenda bila hivyo. Suggests ni ushauri tu, havipakuliwi. Conflicts na Breaks ni vile visivyoweza kukaa pamoja nacho kwenye mashini moja. Kwa anayenunua mega, wa kuutazama ni Recommends: unaposakinisha programu mpya, ongeza `--no-install-recommends` na mara nyingi mzigo utapungua. Ukigundua baadaye kuna kitu ulikihitaji, utakiongeza chenyewe.

Kabla ya yote: jua mashini yako

Amri tatu kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri), dakika moja:

`cat /etc/os-release`
`dpkg --print-architecture`
`df -h / /boot`

Ya kwanza inakwambia ni toleo gani la mfumo, ya pili ni aina ya prosesa (mara nyingi amd64), ya tatu ni nafasi iliyobaki. Andika majibu kwenye karatasi na uibandike nyuma ya mashini. Utayahitaji siku ya kubeba vifurushi kwa flashi.

Hatua ya 1: ziba tundu la mega

Mama mmoja mwenye sekretaria kule Nguba aliniuliza: "Papa, asubuhi nimeingiza mega, sijafungua hata Facebook, sasa zimeisha. Nani anakula?" Simu yake ilikuwa mezani, inagawa wifi kwa mashini tatu. Jibu lilitoka kwenye amri hii:

`journalctl -u apt-daily -u apt-daily-upgrade -u snapd --since today`

Mashini zote tatu zilikuwa zimekimbilia ghala ndani ya saa ile ile zilipowashwa. Ubuntu huwa na saa ya kujisasisha yenyewe, na saa hiyo ikipita mashini imezimwa, kazi inasubiri hadi utakapoiwasha. Kwa mtu wa fiba ni jambo jema. Kwa mtu wa forfeti ni hasara.

Kwanza iambie mashini kwamba wifi hiyo inalipiwa kwa kipimo. Tafuta jina la muunganisho, kisha uliweke alama:

`nmcli connection show`
`sudo nmcli connection modify "JINA" connection.metered yes`

Zima na uwashe wifi ili alama ishike. Halafu fungua faili `/etc/apt/apt.conf.d/20auto-upgrades` na ubadilishe "1" kuwa "0" kwenye mistari hii miwili:

`APT::Periodic::Update-Package-Lists "0";`
`APT::Periodic::Unattended-Upgrade "0";`

Kwenye Ubuntu bado kuna snap, njia nyingine ya kuleta programu, ambayo apt haiigusi. Firefox ya Ubuntu, tangu toleo 22.04, inakuja kwa snap, kwa hiyo ina mlango wake wa kuingilia kwenye mega zako:

`sudo snap set system refresh.metered=hold`

Sasa hakuna kitakachoshuka bila wewe, na hata marekebisho ya usalama hayatakuja yenyewe. Chagua siku maalumu, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili, na usiiruke. Anayezima masasisho akasahau ana hali mbaya kuliko anayelia na mega, hasa kwenye mashini ambayo kila mteja anachomeka flashi yake.

Hatua ya 2: uliza bei

`sudo apt update`

Amri hii haipandishi toleo la chochote. Inaleta orodha mpya za ghala tu. Ni kama kuzunguka soko la Kadutu ukiuliza bei bila kununua. Lakini orodha zenyewe zina uzito: mara ya kwanza kwenye Ubuntu zinaweza kufika makumi ya mega, kwa sababu pamoja na majina ya vifurushi huja maelezo yake kwa Kiingereza na kwa lugha ya mashini yako, ambayo kwa wengi wetu ni Kifaransa. Kama huna kawaida ya kusoma maelezo hayo, yakatae. Tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/99mega` na uandike ndani:

`Acquire::Languages "none";`
`Acquire::Retries "5";`

Mstari wa pili unamwambia apt ajaribu tena mtandao unapoyumba, badala ya kukata tamaa mara ya kwanza. Ukitaka wengine nao waweze kutumia intaneti wakati unapakua, ongeza `Acquire::http::Dl-Limit "60";` na apt hatavuka kilobaiti 60 kwa sekunde.

Hatua ya 3: soma mpango kabla ya kubonyeza O

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

`apt list --upgradable`
`sudo apt upgrade`

Amri ya pili inapiga hesabu, inaonyesha mpango, kisha inasubiri. Mashini ikiwa ya Kifaransa utaona sentensi kama "Il est nécessaire de prendre 212 Mo dans les archives" na mwishoni "Souhaitez-vous continuer ? [O/n]". Hizo Mo ndizo mega zako. Ukiona namba mbili, kwa mfano 40,1 Mo/212 Mo, ya kwanza ndiyo iliyobaki kushushwa. Zingine ziko tayari kwenye diski. Bonyeza n. Kufikia hapo hatua hii haijakula mega yoyote.

Angalia orodha zilizoko juu ya namba hizo. "Les paquets suivants seront mis à jour" ni za kawaida. "Les NOUVEAUX paquets suivants seront installés" mara nyingi ni kerneli (kiini cha mfumo) mpya au maktaba mpya ambayo programu fulani imeanza kuitegemea. "Les paquets suivants ont été conservés" ni vilivyoachwa nyuma, na hao ndio wanaowasumbua watu. Kwenye Ubuntu, sababu ya kawaida ni kwamba toleo jipya linagawiwa kidogo kidogo: linaenda kwanza kwa sehemu ndogo ya mashini, na lisipoleta matatizo linaongezwa kwa wengine. Zamu yako haijafika. Usilazimishe, subiri wiki ijayo. Kwenye Debian, mara nyingi ni kwa sababu kukipandisha kifurushi hicho kungedai kingine kiondolewe, na `apt upgrade` hairuhusiwi kuondoa kitu.

Anayeruhusiwa kuondoa ni `sudo apt full-upgrade`. Sipingi kuitumia, ila soma kwa makini mstari wa "Les paquets suivants seront ENLEVÉS". Ukiona pale maktaba ya zamani moja mbili zenye namba kwenye majina yake, hakuna shida, nafasi zake zimechukuliwa na mpya. Ukiona libreoffice, cups (mfumo wa printa) au kitu kinachoanza na gnome-shell, bonyeza n na utafute chanzo kwanza. Kwenye Debian 13 mpangilio wa maandishi umebadilika, lakini vinavyoondolewa vimepakwa rangi nyekundu, huwezi kuvikosa.

Kujua kwa nini kifurushi fulani kipo kwenye mashini, uliza nani anakitegemea:

`apt rdepends --installed cups-client`

Na kujua toleo ulilonalo, lile lililoko ghalani na ghala lenyewe:

`apt policy hplip`

Hatua ya 4: pakua tu

Ukiwa na forfeti ya usiku, au mahali ambapo mtandao ni mzuri, ama kwa ndugu mwenye wifi ya ofisi, shusha mzigo bila kusakinisha:

`sudo apt upgrade --download-only`

Faili zinakaa `/var/cache/apt/archives`. Mtandao ukikatika, rudia amri ile ile. Kipande kilichoshuka kimehifadhiwa kwenye folda ya partial, na apt ataendelea pale alipoachia. Hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoogopa kupakua usiku wenye mtandao wa kusuasua.

Kama una mashini ya pili yenye mfumo wa toleo lile lile na prosesa ya aina ile ile (ile karatasi yako), nakili sasa faili za .deb kwenye flashi, kabla ya kusakinisha. Nasema kabla kwa sababu amri ya apt hufuta faili hizo ikishamaliza kusakinisha. Apt-get ya zamani huziacha. Kwenye mashini ya pili ziweke kwenye folda ile ile:

`sudo cp /media/$USER/FLASHI/*.deb /var/cache/apt/archives/`

Kisha `sudo apt update` na `sudo apt upgrade`. Apt atalinganisha jina na ukubwa wa kila faili na orodha. Ikilingana haipakui tena. Ukubwa ukitofautiana, anaitupa na kuchukua nyingine ghalani. Lakini ukubwa pekee hauthibitishi kwamba faili halijachezewa, kwa hiyo tumia flashi yako mwenyewe kwa kazi hii; iliyopita mikono mingi usiiamini, kama usivyoiamini .deb uliyopewa na mtu.

Hatua ya 5: sakinisha wakati umeme wa Ruzizi upo

Kusakinisha hakuhitaji mtandao ikiwa vyote vimeshuka:

`sudo apt upgrade --no-download`

Laptop iwe na betri iliyojaa zaidi ya nusu. Mashini ya mezani isiyo na betri ya akiba, ngoja saa ambazo mtaani kwenu umeme huwa unatulia, na usianze wingu la mvua likiwa limeshatanda juu ya ziwa. Ukiulizwa kuhusu faili la mipangilio ambalo uliwahi kulibadilisha mwenyewe, jibu la kawaida ni N, yaani baki na langu. Kerneli ikiwa imo kwenye orodha, washa upya mashini baada ya kazi, la sivyo utaendelea kutumia ile ya zamani.

Umeme ukikatika katikati

Mashini ikiwaka tena, jaribio lolote la apt litakujibu "dpkg a été interrompu". Usisakinishe upya mfumo mzima, kama wanavyopenda kufanya baadhi ya mafundi wa haraka. Fuata mpangilio huu:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`
`sudo apt upgrade`

Ya kwanza inamalizia vifurushi vilivyofunguliwa lakini havijapangwa. Ya pili inaleta kilichokosekana kwenye utegemezi, nayo inaweza kuhitaji mega. Mashini isipofika kwenye skrini ya kuingia, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina lako na neno la siri, uandike amri hizo hizo kwenye skrini nyeusi. Na kama menyu ya kuwashia inakupa kerneli ya zamani, chagua hiyo.

Kosa jingine la kila siku ni "Impossible d'obtenir le verrou". Maana yake kuna kazi nyingine ya apt inayoendelea, na namba yake imeandikwa hapo hapo. Ngoja iishe. Kuna ushauri unaosambaa wa kufuta faili la kufuli kwa rm. Ukiufuata, kazi mbili zinaandika daftari moja kwa wakati mmoja, na hapo ndipo uharibifu wa kweli unapoanza.

Kushikilia kifurushi kisisogee

Mwezi wa wanafunzi kutetea kazi zao, sekretaria haiwezi kupoteza printa hata kwa nusu siku. Printa ikichapa vizuri, funga toleo lake:

`sudo apt-mark hold hplip`
`apt-mark showhold`

Usishangae kuona vifurushi vingine kadhaa navyo vimebaki nyuma: vile ambavyo hplip inavidai kwa toleo lile lile haviwezi kusonga bila yenyewe. Msimu ukiisha, `sudo apt-mark unhold hplip`. Usiweke hold kwenye kitu kinachogusa intaneti moja kwa moja, kama kivinjari.

.deb za kutoka nje ya ghala

Programu ikija kama faili la .deb, isakinishe kwa apt na siyo kwa `dpkg -i`:

`sudo apt install ./programu.deb`

Nukta na mkwaju ule mbele ni wa lazima, ndio unaomwambia apt kwamba hili ni faili lililoko hapa. Tofauti ni kwamba apt ataleta kinachotegemewa. Akishindwa, atakwambia mapema bila kugusa chochote: "Dépend: libssl1.1 mais il n'est pas installable". Mfano huo si wa kubuni. Ubuntu 22.04 na Debian 12 zilihamia OpenSSL 3, na libssl1.1 haimo tena kwenye ghala zao. Watu hutafuta libssl1.1 ya mfumo wa zamani wakaipachika, na programu inafunguka. Lakini OpenSSL 1.1.1 iliacha kupata marekebisho ya bure tangu Septemba 2023, na maktaba hiyo ndiyo inayolinda neno la siri linapopita mtandaoni. Tafuta toleo jipya la programu yenyewe. Lisipokuwepo, tafuta programu nyingine.

Kwa wanaotumia Python, kwa takwimu za memwari (mémoire ya chuo) kwa mfano, pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, ina utegemezi wake mbali na apt. Debian 12 na Ubuntu mpya hukataa pip kugusa Python ya mfumo, na wanakataa kwa haki. Tengeneza mazingira ya pembeni:

`sudo apt install python3-venv`
`python3 -m venv ~/memwari`
`~/memwari/bin/pip list --outdated`
`~/memwari/bin/pip check`

Ya mwisho inakuonyesha vifurushi vinavyogombana kuhusu matoleo.

Mashini nne, mzigo mmoja

Kuanzia mashini tatu kwenda juu, acha flashi. Chagua mashini moja ambayo huwa inawashwa mapema na usakinishe apt-cacher-ng. Kila kifurushi kinachopita kwake anakihifadhi, na mashini nyingine zikikiomba anawapa chake bila kurudi mtandaoni. Kwenye hizo nyingine, tengeneza `/etc/apt/apt.conf.d/01proxy`:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Badilisha anwani iwe ya mashini yako ya akiba, na uihakikishie anwani isiyobadilika; simu inayogawa wifi inaweza kuipa namba nyingine kesho, ruta ndogo ni bora kwa kazi hii. Anwani za ghala kwenye mipangilio yenu zianze na http, kwa sababu za https hazihifadhiwi. Usalama haupungui kwa hilo: orodha za ghala zina sahihi ya kidijitali, na apt huihakiki kwa njia yoyote zitakayokuja.

Kufagia, na kuhama toleo

Baada ya kila kazi:

`sudo apt autoremove`
`sudo apt clean`

Autoremove inaondoa maktaba ambazo hakuna anayezitegemea tena, pamoja na kerneli za zamani zinazojaza /boot. Isome nayo kabla ya kukubali. Ukiona kitu unachokitaka, kiokoe kwa `sudo apt-mark manual JINA`. Ukitaka kujua nini kilibadilika siku printa ilipoanza kuleta shida, fungua `/var/log/apt/history.log`: tarehe, amri, toleo la zamani na jipya, vyote vimo.

Kuhama kutoka Debian 12 kwenda 13, au kutoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04, ni mzigo unaoweza kupita giga moja, na sishauri uufanye kwa mega za simu. Toleo la Ubuntu la muda mrefu linatoka kila baada ya miaka 2 na linahudumiwa kwa miaka 5, kwa hiyo una nafasi ya kupanga: hifadhi nyaraka za wateja kwenye diski ya nje, mwombe mwenye intaneti nzuri akushushie faili la usakinishaji kwenye flashi, na uchague mwezi ambao hakuna TFC mlangoni.